Maisha, Bei, Habari na Burudani Marekani Baada ya Vita Kuu ya Pili: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na wanafunzi, wapenzi wa sinema za zamani na watu wanaoandika hadithi. Mengi huanza na bei, na si ajabu: soda ya senti 5 na nyumba ya dola 7,990 humshtua yeyote anayelipa kodi ya pango leo. Ombi langu ni kwamba kila bei iliyomo humu isomwe pamoja na mambo mawili. Mnunuzi alilipwa kiasi gani kwa saa? Na je, muuzaji alikubali kumuuzia? Bila hayo mawili, orodha ya bei za zamani humdanganya msomaji.

"Baada ya vita" ni miaka ipi hasa?

Humu ni kuanzia Septemba 1945, Japani ilipotia saini hati ya kusalimu amri, hadi mwaka 1960 hivi.

Vita vilipokwisha, maisha yalirudi kuwa ya kawaida papo hapo?

Hata kidogo. Mgao wa petroli ulifutwa mara moja, Agosti 1945, lakini sukari iliendelea kununuliwa kwa kuponi hadi Juni 1947. Viwanda vya magari vilikuwa vimeacha kutengeneza magari ya kiraia tangu mwanzoni mwa 1942, vikageukia vifaru, malori ya jeshi na ndege, kwa hiyo mwenye fedha mkononi hakuwa na gari jipya la kununua. Na fedha zilikuwapo. Kwa miaka karibu minne watu walifanya kazi saa za ziada, wakaweka akiba na kununua hati fungani za vita, huku madukani hakuna vitu vikubwa vya kuuzwa.

Nyumba ndiyo iliyowaumiza zaidi. Mamilioni ya askari walirudi, wakaoa, wakajikuta wanalala sebuleni kwa wakwe au katika mabanda ya mabati yaliyojengwa kwa ajili ya jeshi. Hata soksi ndefu za wanawake zilikuwa adimu, kwani nailoni yote ilikuwa imekwenda kwenye miavuli ya askari wa angani. Juni 1946 huko Pittsburgh watu wapatao 40,000 walipanga foleni wakigombea jozi 13,000 tu.

Juu ya hayo kulikuwa na migomo. Vita vilipokwisha, saa za ziada nazo zilikwisha, na bahasha ya mshahara ikasinyaa wakati bei zinapanda. Wafanyakazi wa General Motors, wakiongozwa na Walter Reuther, waligoma siku 113 kuanzia Novemba 1945. Walidai nyongeza ya asilimia 30; waliipata ya senti 18 na nusu kwa saa. Mwaka 1946 pekee wafanyakazi zaidi ya milioni 4 waliweka zana chini: wa chuma, wa makaa ya mawe, wa reli. Anayedhani Marekani ya wakati huo ilikuwa nchi ya watu waliotulia na kutabasamu hajausoma mwaka 1946.

Bei zilipanda kwa kasi gani?

Wakati wa vita serikali ilikuwa na ofisi maalumu ya kudhibiti bei, na muuza duka aliyezidisha bei ya nyama aliweza kushtakiwa. Mamlaka ya ofisi hiyo yalikwisha tarehe 30 Juni 1946 baada ya mvutano kati ya Rais Truman na Bunge. Bei zikaruka ndani ya siku chache. Udhibiti uliporudishwa wiki kadhaa baadaye, wafugaji waliwazuia ng'ombe wao wasiende machinjioni wakisubiri bei nzuri, na mabucha yakabaki na ndoano tupu. Oktoba mwaka huo Truman akasalimu amri na kuiachia nyama. Novemba wapiga kura wakawapa Warepublican, wapinzani wa Truman, mabunge yote mawili, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu mwanzoni mwa miaka ya 1930.

Mfumuko wa bei wa mwaka 1947 ulizidi asilimia 14. Ulipanda tena Vita vya Korea vilipoanza Juni 1950, watu wakikimbilia madukani kabla mgao haujarudi. Baada ya hapo bei zilitulia kwa sehemu kubwa ya muongo, na utulivu huo ndio uliobaki katika kumbukumbu za wengi.

Bidhaa za kawaida ziliuzwa bei gani?

Hizi ni bei za wastani za mijini, na ratili moja ni karibu nusu kilo. Mkate wa ratili moja ulikuwa karibu senti 9 mwaka 1945. Mwaka 1950 ulifika senti 14. Steki ilipanda kutoka senti 41 kwa ratili hadi 94, yaani zaidi ya mara mbili katika miaka mitano. Siagi kutoka senti 51 hadi 73. Mayai yalibaki karibu palepale, senti 58 kisha 60 kwa dazeni. Petroli mwaka 1950 ilikuwa senti 27 kwa galoni. Stempu ya barua ilibaki senti 3 hadi Agosti 1958, ikawa 4. Treni ya chini ya ardhi ya New York ilikuwa senti 5 hadi Julai 1948, ikawa 10, kisha 15 mwaka 1953.

Kahawa inastahili kuelezwa peke yake. Mwaka 1945 ratili moja ilikuwa senti 30 hivi kwa sababu bei ilikuwa imefungwa na serikali. Mwaka 1950 ilikuwa senti 79. Katikati ya 1953 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, na mwaka 1954 bei ikapita dola moja. Akina mama wa nyumbani wa Marekani walikasirika, maseneta wakaanzisha uchunguzi, na wengine wakajifunza kuyachemsha machicha mara ya pili. Huku kwetu, wakulima wa Kilimanjaro na Bukoba waliokuwa wakiuza kahawa katika soko hilohilo la dunia waliziona fedha ambazo baba zao hawakuwahi kuziona. Hasira ya jikoni ya Chicago na bati jipya la nyumba ya Moshi vilitoka kwenye mbuni mmoja.

Dola moja ilikuwa shilingi ngapi za Afrika Mashariki?

Hadi Septemba 1949, karibu shilingi 5. Mwezi huo Uingereza iliishusha thamani ya pauni kutoka dola 4.03 hadi 2.80, na kwa kuwa shilingi yetu ilifungwa kwenye pauni, dola ikapanda hadi shilingi 7 na senti 14. Kwa siku moja kila bidhaa ya Marekani ikawa ghali zaidi Mombasa na Dar es Salaam, ingawa Marekani kwenyewe bei haikuguswa.

Na kwa fedha za leo?

Dola ya 1950 ilinunua kiasi ambacho leo kinahitaji dola 13 hivi. Ila kipimo hiki sikipendi, kwa sababu kinaficha mambo mengi. Soma jibu linalofuata.

Kwa hiyo kila kitu kilikuwa rahisi?

Pima kwa saa za kazi. Mfanyakazi wa kiwandani mwaka 1950 alipata wastani wa dola 1.44 kwa saa. Mkate wake ulikuwa kazi ya dakika 6. Ratili ya kahawa, zaidi ya nusu saa. Ratili ya steki, dakika 39. Televisheni ya dola 200 ilikuwa kazi ya wiki tatu na nusu, bila kula wala kulipa kodi ya nyumba. Nyumba ya dola 7,990 ilikuwa mshahara wake wote wa karibu miaka miwili na miezi minane, na hapa ndipo tofauti na leo inapoonekana waziwazi: chakula na vyombo vya umeme vilimgharimu saa nyingi kuliko vinavyomgharimu mjukuu wake, ila nyumba ilimgharimu chache.

Huyo alikuwa mtu mwenye kazi nzuri na chama cha wafanyakazi nyuma yake. Kima cha chini cha mshahara kilikuwa senti 40 kwa saa mwaka 1945, kikapanda hadi 75 mwaka 1950 na dola 1 mwaka 1956. Na sheria hiyo haikuwahusu watumishi wa ndani wala vibarua wa mashambani, kazi ambazo Kusini zilifanywa kwa sehemu kubwa na watu Weusi. Mama aliyefua na kupika katika nyumba ya mtu Alabama hakuwa na kima cha chini hata kimoja. Mkate wake haukuwa wa dakika 6.

Kwa nini Coca-Cola ilibaki senti 5 miaka yote?

Kwa sababu ya mashine. Mamia ya maelfu ya mashine za kuuzia soda zilipokea sarafu moja tu, ya senti 5, na kuibadilisha kungemaanisha kupandisha bei hadi sarafu inayofuata, senti 10, mara mbili kwa mkupuo. Matangazo yaliyotapakaa kila ukuta yakitaja senti 5 nayo yaliibana kampuni. Bei hiyo iliyoanza 1886 ilififia polepole na kutoweka mwishoni mwa miaka ya 1950.

Askari waliorudi walipewa nini?

Sheria iliyotiwa saini na Rais Roosevelt tarehe 22 Juni 1944 iliwapa mambo matatu makubwa: dola 20 kwa wiki kwa asiye na kazi, hadi wiki 52, karo ya chuo hadi dola 500 kwa mwaka pamoja na posho ya kujikimu, na dhamana ya serikali kwenye mkopo wa nyumba, shamba au biashara. Dola 500 zilitosha karo ya karibu chuo chochote, hata vile vya matajiri. Wapatao milioni 2.2 walikwenda vyuo vya juu, na wengine zaidi ya milioni 5 wakasomea ufundi, shule za kawaida au kilimo. Mwaka 1947 karibu nusu ya wanafunzi wa vyuo walikuwa askari wa zamani, wengi wakiwa na mke na mtoto, wakiishi kwenye matrela nyuma ya kampasi. Mtoto wa mchimba makaa akawa mhandisi. Sijui sheria nyingine ya Marekani ya karne ile iliyobadilisha maisha ya watu wa kawaida haraka kiasi hicho, na ndiyo maana inauma kuona ni nani waliachwa nje yake.

Levittown ni nini?

Ni kitongoji kilichojengwa kuanzia 1947 kwenye mashamba ya viazi ya Long Island, nje ya New York, na kampuni ya familia ya Levitt. Nyumba zilijengwa kama magari yanavyotengenezwa kiwandani, ila hapa nyumba ilikaa na mafundi ndio waliohama: kundi moja linamwaga zege, linalofuata linasimamisha fremu, jingine linapaka rangi moja tu na kwenda nyumba ya pili. Kilele chake walimaliza zaidi ya nyumba 30 kwa siku. Hadi 1951 zilikuwa 17,447.

Nyumba yenyewe ilikuwa ndogo, kama mita za mraba 70, yenye vyumba viwili vya kulala, jiko lenye friji na mashine ya kufulia ndani, na dari ambayo baba aliweza kuigeuza vyumba watoto wakiongezeka. Za mwaka 1949 ziliuzwa dola 7,990, na askari wa zamani alilipa chini ya dola 60 kwa mwezi, pungufu ya kodi ya vyumba vingi mjini. Wasomi walizicheka kwa kufanana. Waliohamia kutoka sebule ya wakwe hawakucheka, na mimi niko upande wao katika hilo.

Wamarekani waliomiliki nyumba waliongezeka kutoka asilimia 44 ya kaya mwaka 1940 hadi 62 mwaka 1960. Tukumbuke pia walikotoka: sensa ya 1950 ilikuta zaidi ya theluthi moja ya nyumba za nchi hazina mabomba kamili ya maji ya moto na baridi, bafu na choo cha ndani.

Watu Weusi waliweza kununua nyumba hizo?

Hapana. Mikataba ya mwanzo ya Levittown ilikataza kwa maandishi nyumba kukaliwa na mtu asiye mzungu, isipokuwa mtumishi wa ndani. Mwaka 1948 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mahakama haziwezi kutekeleza masharti ya namna hiyo, na maandishi yakaondolewa, lakini kampuni iliendelea kukataa kuwauzia.

Mlango wa pili uliofungwa ulikuwa benki. Idara ya serikali iliyodhamini mikopo ya nyumba ilihesabu mtaa wenye watu Weusi kuwa hatari kwa fedha, kwa hiyo benki haikukopesha humo. Na mtu Mweusi aliyetaka kuhamia mtaa wa wazungu alihesabiwa kuwa ndiye hatari yenyewe. Dhamana ya askari wa zamani ilikuwa ya serikali kuu, lakini mkopo ulitolewa na meneja wa benki wa mjini pale. Katika miji 13 ya Mississippi mwaka 1947, kati ya mikopo 3,229 iliyodhaminiwa chini ya sheria ile, miwili ilikwenda kwa watu Weusi. Miwili, katika jimbo ambalo karibu nusu ya wakazi wake walikuwa Weusi, na vijana wao walikuwa wamevaa sare ileile.

Agosti 1957 William na Daisy Myers walinunua nyumba Levittown ya Pennsylvania kutoka kwa mwenyewe aliyekuwa akihama. Usiku hadi usiku umati ulikusanyika nje, mawe yakavunja madirisha, na jimbo likalazimika kutuma polisi wake. Familia haikuondoka wakati ule. Mume alikuwa amepigana vita na mke alikuwa mwalimu, yaani watu hasa wa aina ambayo matangazo ya nyumba hizo yaliwataka, isipokuwa rangi.

Hili ndilo linalonifanya nisisitize swali la pili la mwanzoni. Dola 7,990 ilikuwa bei halisi kwa wengine, na kwa wengine haikuwa bei kabisa. Mtu Mweusi wa Chicago mara nyingi alinunua nyumba chakavu kwa mkataba wa malipo ya kila mwezi, kwa bei iliyozidi sana thamani yake, na akikosa mwezi mmoja alipoteza yote aliyokwisha kulipa.

Na safari, hoteli, mikahawa?

Victor Hugo Green, mtarishi wa Harlem, alichapisha kuanzia 1936 kitabu cha mwongozo kilichoorodhesha hoteli, mikahawa, vinyozi na vituo vya petroli ambavyo msafiri Mweusi angepokewa. Familia ilifunga chakula cha njia nzima, ikabeba petroli ya akiba, ikapanga kufika kabla ya giza. Ukiona picha za gari la Chevrolet la rangi mbili likikata barabara ya jangwani, kumbuka kwamba uhuru huo ulikuwa na ramani mbili.

Wanawake wote walirudi jikoni?

Picha za matangazo zinasema hivyo. Ni kweli kwamba wengi waliofanya kazi viwandani wakati wa vita waliachishwa ili kuwapisha wanaume, na wengine walifurahi kuacha. Lakini mwaka 1950 karibu theluthi moja ya wanawake wa umri wa kufanya kazi walikuwa kazini, na mwaka 1960 walizidi theluthi: makarani, wauzaji wa maduka, wauguzi, walimu, watumishi. Kilichopungua ni mshahara mzuri wa kiwandani, kazi zenyewe zilibaki.

Watoto nao walizaliwa kwa wingi usio wa kawaida. Mwaka 1946 walizaliwa milioni 3.4; mwaka 1957, kilele, milioni 4.3.

Ugonjwa gani uliwatisha wazazi zaidi?

Polio, bila shaka. Kila kiangazi mabwawa ya kuogelea yalifungwa, sinema zikakatazwa watoto, na mama alishika paji la uso la mwanawe kila asubuhi. Mwaka 1952 ulikuwa mbaya kuliko yote: wagonjwa karibu 58,000, vifo zaidi ya 3,000. Hospitali zilikuwa na safu za mashine kubwa za kupumulia ambamo mtoto alilazwa kichwa kikiwa nje. Fedha za utafiti zilichangwa na wananchi wenyewe, senti 10 kwa senti 10. Mwaka 1954 watoto wapatao milioni 1.8 walishiriki katika jaribio la chanjo ya Jonas Salk, na tarehe 12 Aprili 1955 huko Ann Arbor, Michigan, ikatangazwa kwamba inafanya kazi. Kengele za makanisa zililia. Wazazi walilia mitaani. Sijui habari nyingine ya amani ya kipindi hicho iliyopokewa kwa furaha kama ile.

Televisheni iliingia lini majumbani?

Haraka mno. Mwaka 1946 zilikuwapo maelfu machache tu nchi nzima, na seti ya RCA yenye kioo cha inchi 10 iligharimu zaidi ya dola 350. Mwaka 1950 kaya 9 kati ya 100 zilikuwa nayo. Mwaka 1955, karibu theluthi mbili. Mwaka 1960, karibu 87 kati ya 100. Wa kwanza kuwa nayo mtaani hakukosa wageni.

Jumatatu usiku ilikuwa ya kipindi cha vichekesho cha Lucille Ball na mumewe Desi Arnaz, Mkuba. Tarehe 19 Januari 1953 watu wapatao milioni 44 walitazama sehemu ambayo mhusika wa Lucille alijifungua. Kesho yake Eisenhower aliapishwa kuwa rais, na watazamaji wakawa wachache kuliko hao.

Sinema ndizo zilizolipia. Mwaka 1946 ulikuwa wa neema kuliko wowote kwa Hollywood. Miaka kumi baadaye kumbi nyingi za mitaa zilikuwa zimefungwa.

Habari walizipata wapi?

Redioni na magazetini, kwa muda mrefu kuliko watu wanavyodhani. Miji mikubwa ilikuwa na magazeti ya asubuhi na ya jioni, na baba alisoma la jioni akirudi kazini. Taarifa ya habari ya televisheni ya jioni ilidumu dakika 15 tu hadi 1963. Magazeti yalikosea pia: Novemba 1948 Chicago Tribune ilitangaza kwenye ukurasa wa mbele kwamba Dewey amemshinda Truman katika uchaguzi wa rais, na Truman aliyeshinda akapigwa picha akiliinua gazeti hilo juu huku akicheka.

Watu Weusi walikuwa na vyombo vyao: Chicago Defender, Pittsburgh Courier, na majarida ya John H. Johnson wa Chicago, Ebony kuanzia 1945 na Jet kuanzia 1951. Agosti 1955 Emmett Till, mvulana wa miaka 14 kutoka Chicago, aliuawa kikatili alipokuwa akiwatembelea jamaa zake Mississippi. Mama yake aliagiza jeneza liachwe wazi ili ulimwengu uone, na Jet ikazichapa picha hizo. Baraza la mahakama lenye wazungu pekee likawaachia huru washtakiwa. Tarehe 1 Desemba mwaka huohuo Rosa Parks, mwanamke Mweusi, alikataa kuinuka kumpisha mzungu kwenye kiti cha basi Montgomery, Alabama, nauli ikiwa senti 10, na watu Weusi wa mji ule wakasusia mabasi na kutembea kwa miguu siku 381.

McCarthy alikuwa nani?

Seneta wa Wisconsin aliyedai Februari 1950 kwamba ana orodha ya wakomunisti ndani ya Wizara ya Mambo ya Nje. Hakuthibitisha. Walimu, waandishi na waigizaji walipoteza kazi kwa kutajwa tu; Hollywood ilikuwa imeanza kuwafungia watu milango tangu 1947. Machi 1954 mtangazaji Edward R. Murrow alitumia kipindi kizima cha televisheni kumwonyesha seneta kwa maneno yake mwenyewe, na kuanzia Aprili mashauri kati yake na jeshi yakaoneshwa moja kwa moja. Wananchi walimwona akifoka na kukatiza watu. Desemba Seneti ikamkemea rasmi kwa kura 67 dhidi ya 22.

Rock and roll ilianzishwa na Elvis Presley?

Hapana, na yeye mwenyewe hakudai hivyo. Muziki ule ulikuwa wa watu Weusi, ulioorodheshwa katika jarida la Billboard kwa jina la "santuri za mbari" hadi Juni 1949, Jerry Wexler alipopendekeza jina la rhythm and blues. Wimbo ambao Elvis alitamba nao mwaka 1956, "Hound Dog", ulikuwa umerekodiwa na Big Mama Thornton mwaka 1952. Fats Domino, Chuck Berry na Little Richard walikuwa wakiwachezesha vijana kabla wazazi hawajajua kinachoendelea.

Elvis alipotokea kwenye kipindi cha Ed Sullivan tarehe 9 Septemba 1956, watu wapatao milioni 60 walitazama. Mwaka huohuo Nat King Cole, sauti laini kuliko zote, alipewa kipindi chake cha televisheni. Kilidumu mwaka mmoja tu. Watazamaji walikuwapo, hakupatikana mdhamini wa kitaifa aliyethubutu kuweka jina la bidhaa yake kando ya uso wa mtu Mweusi.

Hambaga ya McDonald's ilikuwa senti ngapi?

15, tangu ndugu McDonald walipobadilisha mkahawa wao wa San Bernardino, California, mwaka 1948. Chipsi senti 10. Ray Kroc alifungua wake wa jina hilohilo Des Plaines, Illinois, Aprili 1955.

Kulikuwa na Waafrika Mashariki Marekani wakati huo?

Wachache, lakini majina yao tunayajua. Julius Kiano wa Kenya alisoma huko hadi akapata shahada ya uzamivu mwaka 1956. Machi 1955 Mwalimu Nyerere alikwenda New York kuieleza Umoja wa Mataifa kwamba Tanganyika inataka kujitawala. Tom Mboya alizunguka vyuo na vyama vya wafanyakazi akiomba nafasi za masomo, na Septemba 1959 ndege ya kwanza ikawashusha wanafunzi 81 New York. Barua ya kuchangisha nauli ilitiwa saini na mwimbaji Harry Belafonte, mwigizaji Sidney Poitier na Jackie Robinson, mchezaji aliyevunja ukuta wa rangi katika besiboli mwaka 1947.

Naandika hadithi ya Marekani ya mwaka 1952. Mhusika wangu awe na nini mfukoni?

Sarafu, na nyingi. Za senti 10, 25 na 50 zilikuwa za fedha halisi, na zililia zikigongana. Ya senti 5 kwa soda, ya 10 kwa treni ya New York, noti ya dola 20 akiwa amelipwa Ijumaa. Kadi ya benki asiwe nayo. Kadi ya Diners Club ilikuwa imeanza mwaka 1950, lakini ilikuwa ya wafanyabiashara wanaokula mikahawani. Akinunua friji, ainunue kwa awamu dukani. Na kabla hujamtuma kuinunua, amua anaishi mtaa gani na ana rangi gani, maana hilo litaamua duka, mkopo na kiti atakachokaa kwenye basi la kurudi.